Kimya na takataka: mikrokontrola inavyozungumza na kompyuta

Saa saba za usiku nilikuwa nimechuchumaa kwenye banda la vifaranga, laptop juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikitazama mstari wa namna hii ukijirudia kila sekunde kumi:

`�x��f�`

Nilichotaka ni namba moja tu. Kifaranga wa wiki ya kwanza anahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35 hivi, na umeme ulikuwa umeshakatika mara mbili tangu magharibi. Sensa ya joto ya DS18B20 ilikuwa inaning'inia usawa wa migongo yao, waya wake umeingia kwenye bodi ya Arduino Uno, na bodi imechomekwa kwenye laptop kwa waya wa USB. Nikaanza kung'oa nyaya za sensa mmoja mmoja. Nikabadili rezista. Nikaipuliza bodi, kama tulivyokuwa tukipuliza kaseti za gemu utotoni. Dakika arobaini zikayeyuka. Kosa lilikuwa namba moja kwenye kona ya Serial Monitor, dirisha la laptop linaloonyesha yanayotoka kwenye bodi: programu ndani ya bodi ilikuwa inatuma kwa kasi ya 115200, laptop inasikiliza kwa 9600.

Takataka ile peke yake ingetosha kuniambia. Anayeunganisha mikrokontrola na kompyuta hukutana na magonjwa mawili, kimya na takataka, na dawa zake haziko rafu moja. Ukipata kimya, njia imekatika mahali: waya, draiva (programu inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na kifaa), ruhusa, au pini. Ukipata takataka, njia karibu kila mara ni nzima na umeme unapita, ila wanaozungumza hawajakubaliana jambo fulani. Mimi nilikuwa na takataka nikaitibu kama kimya. Kuelewa kwa nini mambo yako hivyo, inabidi tushuke hadi kwenye waya wenyewe.

Herufi A ikiwa njiani

Mikrokontrola ni kompyuta nzima iliyobanwa kwenye chipu moja. Ile ya Arduino Uno, ATmega328P, ina kilobaiti 32 za kuhifadhi programu na kilobaiti 2 za RAM, basi. Haina skrini wala kibodi. Ikitaka kukwambia kitu, ama iwashe taa, ama itumie mdomo wake, ambao ni kitengo kidogo ndani ya chipu kinachoitwa UART. Kazi ya UART ni kuchukua baiti moja yenye biti nane, yaani sifuri na moja nane, na kuzipitisha kwenye waya biti moja baada ya nyingine, kama abiria wanavyoshuka daladala kwa mlango mmoja. Hiyo foleni ndiyo maana ya siriali.

Kisichoonekana kirahisi ni kwamba upande unaopokea haupewi saa. Kuna mifumo mingine, kama SPI na I2C, ambayo ina waya wa ziada unaogonga mdundo: sasa soma, sasa soma. UART haina mdundo huo. Kila upande una saa yake mfukoni, na wanategemea kuwa walikubaliana mapema biti moja itadumu muda gani. Makubaliano hayo ndiyo kasi, nayo hupimwa kwa biti kwa sekunde, au baud kama inavyoandikwa kwenye programu, kutokana na jina la Émile Baudot, mhandisi Mfaransa wa telegrafu wa karne ya 19.

Chukua herufi A. Katika msimbo wa ASCII ni namba 65, kwa biti ni 01000001. Waya wa kutuma, TX, ukiwa hauna la kusema hukaa juu, volti 5. Herufi inapoanza, waya unashuka hadi sifuri kwa muda wa biti moja. Hiyo ni biti ya kuanzia, hodi ya mlangoni. Kisha zinafuata biti nane za A, lakini kinyumenyume, ndogo ikitangulia: 1, 0, 0, 0, 0, 0, 1, 0. Mwisho waya unarudi juu kwa muda wa biti moja, biti ya kusimamia. Kwa jumla ni biti kumi kubeba herufi moja. Kwa kasi ya 9600 kila biti inadumu mikrosekunde 104 na kidogo, kwa hiyo sekunde moja inapitisha herufi 960. Kwa namba za joto la banda ni nyingi kupita kiasi. Kwa picha ni dhiki.

Mpokeaji naye anafanyaje? Anatazama waya. Ukishuka, anaanza kuhesabu: anasubiri biti moja na nusu ili atue katikati ya biti ya kwanza, anasoma, anasubiri biti moja, anasoma, hadi nane. Anasoma katikati kwa sababu kingoni ndiko umeme bado unapanda au unashuka.

Sasa tumpe kasi isiyo yake. A imetumwa kwa 9600, mpokeaji anasikiliza kwa 19200. Kwake kila biti ya mtumaji inaonekana kama biti mbili. Anachokiona ni 0 0, 1 1, halafu sifuri kumi mfululizo, na kuendelea. Sifuri ya kwanza anaihesabu kuwa hodi. Nane zinazofuata ni 0, 1, 1, 0, 0, 0, 0, 0. Ukizigeuza unapata namba 6, ambayo si herufi inayoonekana kwenye skrini. Na mahali alipotegemea biti ya kusimamia, waya uko chini, kwa hiyo anajua kuna kitu hakiko sawa, ingawa programu nyingi hazikwambii. A yako imegeuka takataka. Hakuna waya uliokatika, hakuna sensa iliyokufa.

Saa mbili haziwezi kulingana kabisa, na mfumo huu unalijua hilo. Saa zinaoanishwa upya kwenye kila hodi, kwa hiyo makosa hujilimbikiza ndani ya herufi moja tu. Ikiwa kufikia biti ya mwisho mpokeaji amepotoka kwa zaidi ya nusu biti, anasoma jirani. Piga hesabu: nusu biti ndani ya biti tisa na nusu ni takriban asilimia 5, nazo zinagawanywa pande mbili. Ndiyo maana asilimia 2 kila upande huhesabiwa kuwa salama. Saa ya Arduino Uno hupiga kwa megahezi 16, na 16 haigawanyiki vizuri kupata 115200. Inachoweza kutoa ni 117,647, kosa la asilimia 2.1. Kwa 9600 inatoa 9,615, kosa la asilimia 0.16. Kwa waya mrefu au chipu isiyo na kioo, kile kifuwele kinachoshika mdundo wa saa, mimi huanza na 9600 bila aibu.

Kuna kituko kimoja hapa ambacho kimewasumbua wengi. Chipu ya ESP8266, ile ya Wi-Fi, ukiiwasha na kusikiliza kwa 115200 hutema mistari ya takataka, kisha programu yako inaanza kuongea vizuri. Watu hudhani bodi ni mbovu. Programu iliyochomwa kiwandani ndani ya chipu hiyo hudhani kioo ni cha megahezi 40, wakati bodi nyingi zina cha 26. Zidisha 115200 kwa 26, gawa kwa 40: unapata 74880. Weka kasi hiyo na takataka ile inageuka kuwa maelezo yanayosomeka ya jinsi chipu ilivyowaka.

Nyaya tatu, na ule unaosahaulika

Unapounganisha vifaa viwili vyenye UART, TX ya huku inaenda RX, pini ya kupokea, ya kule, na RX ya huku inaenda TX ya kule. Mdomo kwa sikio. Ukiunganisha TX na TX, ni midomo miwili inayopigana busu na hakuna anayesikia: kimya. Tatizo ni kwamba baadhi ya moduli huandikwa kwa mtazamo wa upande wa pili, yaani pini iliyoandikwa TX maana yake "hapa chomeka TX yako". Ukipata kimya, kupishanisha nyaya hizo mbili ni jaribio la sekunde tatu. Kwa kawaida haliunguzi kitu, mradi volti za pande zote ni sawa.

Waya wa tatu ni GND, ile sifuri ya volti, nao ndio unaosahaulika. Volti 5 ni tofauti kati ya pointi mbili, si kitu kinachosimama peke yake. Bodi mbili zenye betri tofauti, bila GND ya pamoja, kila moja ina sifuri yake. Hapo ndipo utakapoona takataka ya aina nyingine, inayobadilika ukigusa waya kwa kidole. Ile ya kasi mbaya hujirudia vilevile kila mara, hii hucheza. Ikicheza, tafuta GND kabla ya kitu kingine chochote.

Volti zenyewe hazifanani pia. Uno huongea kwa volti 5. Bodi za ESP32 na Raspberry Pi Pico huongea kwa 3.3. Kutoka 3.3 kwenda Uno kwa kawaida hupita, lakini TX ya volti 5 ikiingia moja kwa moja kwenye RX ya ESP32 unaiombea mauti. Rezista mbili zinatosha: kiloomu 1 kutoka TX, kiloomu 2 kwenda GND, na kati yake unachota volti 3.3.

Hatari kubwa zaidi ni tundu la pini 9 lililo nyuma ya kompyuta za zamani, ambalo bado lipo kwenye mizani ya dijitali na mashine nyingi za viwandani. Lile ni RS-232, kiwango cha Marekani kilichoanza 1960. Mpangilio wa biti ni uleule tuliouona, lakini umeme uko kichwa chini: moja ni volti hasi, kati ya -3 na -15, na sifuri ni chanya, kati ya +3 na +15. Usithubutu kuuingiza kwenye pini ya mikrokontrola. Kati yao hukaa chipu ya MAX232 au ndugu zake, inayopokea volti 5 tu na kutengeneza yenyewe volti chanya na hasi kwa kutumia kapasita chache.

Mkalimani na waya wa chaji

Laptop ya leo haina tundu lile. Ina USB, na USB si UART iliyovaa shati jingine. Ni lugha yenye itifaki nzito, ambapo kompyuta ndiyo inayouliza na kifaa kinajibu. Kwa hiyo kwenye bodi kuna mkalimani. Uno R3 halisi hutumia ATmega16U2. Bodi za bei nafuu zinazojaa kwenye maduka ya Kariakoo na Luthuli Avenue hutumia zaidi CH340 kutoka China. Nyingine zina CP2102 au FT232.

Ukichomeka, mkalimani anajitambulisha kwa namba mbili. CH340 ya kawaida husema 1A86 na 7523. Mfumo wa kompyuta unatafuta draiva inayojua namba hizo, na ikipatikana inatengeneza poti ya kufikirika: COM3 au COM5 kwenye Windows, /dev/ttyUSB0 kwenye Linux. Hayo maandishi "tty" yalitokana na mashine za teletype, taipureta zilizokuwa zikiandika ujumbe wa telegrafu. Zimeshakufa, jina limebaki.

Hapa ndipo kimya kinapozaliwa mara nyingi, na mimi huanza na mtuhumiwa wa bei ndogo. Wiki moja baada ya usiku ule nilikwenda kununua waya mwingine, nikamuuliza muuzaji, "Kaka, huu unapitisha data?" Akauangalia, akaupindapinda, akasema, "Huo wa chaji tu bosi, wa data uko juu kidogo." Mungu ambariki, kwa sababu kwa macho nyaya hizo hazina tofauti. Waya wa USB wa kawaida una nyaya nne ndani, mbili za umeme na mbili za data. Wa chaji tu umeachiwa zile za umeme. Taa ya bodi inawaka vizuri, unashangilia, na kompyuta haioni chochote. Kama kichwa chake kinaingia kwenye simu, upime hivi: chomeka waya huohuo kwenye simu uone kama kompyuta inafungua mafaili.

Waya ukiwa mzima na poti haionekani, ni draiva. Kwenye Windows, Device Manager itaonyesha kifaa chenye alama ya njano. Kwenye Linux draiva ya CH340 imo tayari. Andika `sudo dmesg` kwenye terminal na utaona maneno yanayosema kifaa kimeunganishwa na ttyUSB0. Kwenye Ubuntu 22.04 kuna mtego wa kipekee: poti inatokea na kutoweka papo hapo. Programu iitwayo brltty, ya kuwasaidia wasioona kutumia vifaa vya Braille, hukinyakua kifaa kwa sababu baadhi ya vifaa hivyo hujitambulisha kwa namba zilezile za CH340. Kama huihitaji, iondoe.

Poti ikionekana lakini ikakataa kufunguka, kwenye Linux ni ruhusa: jiongeze kwenye kundi la dialout, kisha toka na uingie upya. Kwenye Windows aghalabu ni programu nyingine iliyoishikilia. Poti ya siriali haigawanywi. Serial Monitor ikiwa wazi, programu yako ya Python itaambiwa imenyimwa. Nimeona watu wazima wakifomati kompyuta kwa jambo la kufunga dirisha moja.

Na kwenye Uno, pini 0 na 1 ndizo RX na TX zilezile zinazoelekea kwa mkalimani. Ukichomeka moduli ya GPS au Bluetooth hapo, bodi itagoma kupokea programu mpya. Chomoa, pakia, rudisha.

Bodi zenye USB ndani ya chipu yenyewe, kama Leonardo na Pico, hazina mkalimani. Huko ile namba ya kasi ni pambo tu. Unaweza kuandika karibu yoyote na maneno yakafika salama, kwa kuwa hakuna UART njiani. Ndiyo maana aliyejifunzia kwenye Pico akihamia Uno huona ghafla namba aliyokuwa akiipuuza imeanza kumsumbua.

Namba 31.50 ni baiti saba

Turudi bandani. Kasi zimelingana, sensa inasoma 31.50. Ndani ya bodi niliandika hivi:

```
Serial.begin(9600);
Serial.println(joto);
```

Kinachosafiri si namba. Ni maandishi yake: 51, 49, 46, 53, 48, yaani herufi 3, 1, nukta, 5, 0, kisha 13 na 10, alama mbili za kumaliza mstari. Baiti saba, biti sabini, milisekunde 7.3 njiani. Kwa hiyo upande wa kompyuta huwezi kujumlisha na kutoa mpaka uyageuze maandishi hayo kuwa namba tena. Pia angalia tofauti ya amri mbili zinazofanana usoni: `Serial.print(65)` hutuma baiti mbili, ya 6 na ya 5, `Serial.write(65)` hutuma baiti moja, na kwenye skrini unaona A. Hii ni takataka ya tatu, ambayo kasi na waya havina hatia nayo. Mmoja ametuma namba ghafi, mwingine anasoma maandishi.

Zile baiti mbili za mwisho zina thamani kuliko zinavyoonekana. Siriali haijui ujumbe unaanzia wapi. Ni mto wa baiti. Ukisoma tu "kilichopo" unaweza kuchota "31." sasa na "50" baadaye, ukaandika kwenye faili kwamba vifaranga wamepata nyuzi 50. Kwa hiyo soma hadi mwisho wa mstari, kwa Python hivi:

```
import serial, time
poti = serial.Serial("/dev/ttyUSB0", 9600, timeout=15)
time.sleep(2)
poti.reset_input_buffer()
while True:
    mstari = poti.readline().decode("ascii", errors="ignore").strip()
    if mstari:
        print(time.strftime("%H:%M:%S"), mstari)
```

Zile sekunde mbili za kulala si uvivu. Kwenye Uno, kufungua poti kunaizima na kuiwasha bodi upya. Mkalimani ana waya mwingine uitwao DTR, unaopitia kapasita ya nanofaradi 100 hadi kwenye pini ya RESET. Poti ikifunguliwa, RESET inavutwa chini kidogo na chipu inaanza moja. Ndivyo upakiaji wa programu unavyofanya kazi bila wewe kubonyeza kitufe. Lakini ukituma amri mara tu baada ya kufungua, inamkuta mwenyeji bado anaamka na inapotea.

Ukishajaribu yote na bado ni kimya, igawe njia katikati. Chomoa vyote kwenye Uno, unganisha RESET na GND ili chipu inyamaze kabisa, kisha unganisha pini 0 na pini 1 kwa waya mmoja mfupi. Fungua Serial Monitor, andika "hodi", tuma. Neno likirudi, basi waya wa USB, draiva, ruhusa, poti na mkalimani vyote ni vizima, na kosa liko kwenye programu yako au upande wa sensa. Lisiporudi, acha sensa ipumzike na urudi kwenye waya wa USB.